Kadi za Posta za Nakuru ya Zamani
Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka na Kamati Ndogo ya Kumbukumbu



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya lile kasha la bati lililowekwa ofisini, maana wengi wameuliza lina nini ndani, na kwa nini chama cha kusaidiana, kilichoundwa kwa ajili ya wagonjwa, wajane na mazishi, kijishughulishe na picha za kale. Swali hilo ni la haki na limeulizwa na watu wanaolipa ada zao bila kukosa. Twaomba subira yenu ili tulijibu kwa mapana yake.

Kasha hili lilikuwa mali ya mwanachama wetu marehemu, aliyekuwa karani kwa miaka mingi katika duka moja la vitabu na karatasi hapa mjini. Kadi za posta zilizobaki bila kuuzwa, au zilizovunjika pembe, aliruhusiwa kuzichukua, naye hakuzitupa. Baadaye akawa anazitafuta kwa hiari yake, akiwanunulia wenye maduka waliokuwa wakifunga biashara na kurudi kwao. Chama kilipomzika, binti yake alikuja na kasha kichwani akasema: baba alitaka lije kwenu. Ndani mna kadi mia mbili na ushei. Arobaini na moja ni za mji huu. Nyingine ni za Naivasha, Gilgil, Elmenteita, Njoro, Molo na maporomoko ya Nyahururu, na zilizosalia ni za pwani na za Uganda.

Haukupita muda, mfanyabiashara mmoja wa mji mwingine aliandika barua akitaka kulinunua kasha lote kwa mkupuo. Bei aliyotaja si ya kudharauliwa. Ingetosha kulipa gharama za mazishi kadhaa. Ndiyo sababu jambo hili limeletwa kwenu leo, wala si kwa kupenda kuwaburudisha kwa picha.

Tuanze na kadi zenyewe. Kadi ya posta si kitu cha kale sana duniani. Ya kwanza ilitolewa na serikali ya Austria tarehe 1 Oktoba 1869, nayo haikuwa na picha yoyote. Ilikuwa karatasi ngumu ya kuandikia maneno machache kwa gharama ndogo kuliko barua. Uingereza ilifuata mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Oktoba 1870. Picha zilikuja polepole, na mwanzoni mtu aliandika salamu zake pembeni mwa picha, maana upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake. Mwaka 1902 Waingereza waliruhusu upande huo ugawanywe kwa mstari katikati: kushoto maneno, kulia anwani. Mataifa mengine yakafuata, Marekani ikiwa miongoni mwa za mwisho mwaka 1907. Tangu hapo picha ikautwaa upande mzima wa mbele, na watu wa Ulaya wakashikwa na homa ya kuzituma na kuzikusanya, hata nyumba nyingi zikawa na albamu yake mezani kama vile kwetu palivyokuwa na kibuyu.

Homa hiyo ilifika huku pamoja na meli na reli. Unguja walikuwako wapiga picha wa Kigoa, kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, ambao picha zao za bandari, mitaa na watu ziligeuzwa kadi zikauzwa kwa wasafiri. Katika bara alikuwako William D. Young, aliyepiga picha za ujenzi wa Reli ya Uganda kisha akafanya kazi yake Nairobi. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, ikateremka Bonde la Ufa, ikafika Nakuru mwaka 1900, na kumaliza safari ziwani Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Wazee waliosikia habari za mabehewa yaliyoteremshwa kwa kamba za chuma katika mteremko wa karibu na Kijabe, kabla njia ya kudumu haijakamilika, wataona picha za jambo hilo. Halikuwa hadithi ya kutishia watoto.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Treni ya kwanza ilipofika Nakuru, mahali hapa palikuwa katika nchi ya Uganda kwa hesabu ya serikali, kwa kuwa mpaka ulipita mashariki yetu. Ulihamishwa mwaka 1902. Kwa hiyo mtu akiokota picha ya zamani sana iliyoandikwa «Uganda» asikimbilie kuitupa upande wa Kampala. Aitazame vizuri, pengine ni uwanja wa nyuma ya nyumba yake.

Sasa, kuna watu wengine ulimwenguni wafanyao kazi hii ya kukusanya kadi za mji wao, na tumependa kuwatazama. Katika Uingereza kuna miji ya kale iliyojengwa kuzunguka makanisa makuu ya maaskofu, kama Canterbury, York, Lincoln na Exeter. Kila mmoja una wakusanyaji wake, ambao hupanga kadi mtaa kwa mtaa, lango kwa lango, mwaka kwa mwaka. Mtu aweza kudhani ni mchezo wa wazee waliostaafu. Lakini mwaka 1942 ndege za Ujerumani ziliishambulia baadhi ya miji hiyo, ikasemwa kwamba ilichaguliwa kwa kufuata kitabu cha kuongozea watalii. Exeter ilipigwa mwezi wa Mei na Canterbury mwanzoni mwa Juni, na mitaa ya karne nyingi ikawa majivu kwa usiku mmoja. Kanisa kuu la Canterbury lilipona, lakini nyumba nyingi za karibu hazikupona. Baada ya hapo, yule mzee aliyechekwa kwa kasha lake la kadi za senti moja ndiye aliyeweza kuonyesha duka la mkate lilisimama wapi, na mlango wake ulielekea upande gani.

Mji wetu haukupigwa kwa mabomu, lakini umebomolewa na kujengwa mara nyingi, nao tangu tarehe 1 Desemba 2021 waitwa jiji. Nyumba za mabati za mwanzo zimekwenda. Magari ya kukokotwa na maksai yamekwenda. Hata ziwa limehama, tukiruhusiwa kusema hivyo. Wazee wakumbuka miaka ambayo ziwa Nakuru lilikauka karibu lote, vumbi la magadi likatufikia mjini. Na vijana wameona maji yakipanda tangu mwaka 2010 hadi kulifunika lango kuu la zamani la hifadhi na kuwaondoa watu katika nyumba zao. Katika kasha mna kadi sita za ziwa, zote zikisifia heroe tu. Lakini nyuma ya heroe waonekana ufuko, miti na mwinuko wa ardhi, na mwenye kuijua nchi aweza kusema maji yalikuwa yamefika wapi siku ile. Mpiga picha alikuwa akiwafuata ndege, akatuachia kipimo cha maji bila kukusudia.

Yafaa tueleze namna ya kuisoma kadi, kwa sababu kadi husema uongo kwa urahisi. Kwanza igeuzwe. Ikiwa upande wa nyuma haukugawanywa kwa mstari, yaelekea ilichapwa mwanzoni kabisa mwa karne ya 20 au kabla yake. Kisha stempu. Tangu mwaka 1903 stempu zetu ziliandikwa majina ya himaya mbili, East Africa na Uganda. Tangu 1922 ziliandikwa Kenya na Uganda. Tangu 1935 Tanganyika ikaongezwa. Stempu yenye thamani ya ana ni ya zamani sana. Shilingi hazikuja ila mwaka 1921. Kichwa cha mfalme nacho hueleza: Edward wa Saba hadi 1910, George wa Tano hadi 1936, George wa Sita hadi 1952, kisha Malkia Elizabeth. Muhuri wa posta ukisomeka vizuri, wamaliza shauri kwa tarehe yake. Ndiyo maana tunasikitika sana tunapoona kadi iliyobanduliwa stempu na mtu wa kukusanya stempu. Amechukua kitu cha thamani ndogo akaharibu ushahidi wa kitu kikubwa.

Hata hivyo tarehe ya muhuri ni siku ya kutumwa, si siku ya kupigwa picha. Duka liliweza kuuza picha ileile miaka kumi. Na wachapaji, ambao wengi walikuwa mbali Ulaya na hawakupata kuikanyaga nchi hii, waliweza kubandika jina lolote chini ya picha yoyote. Tunazo kadi mbili zenye picha moja ya barabara yenye miti. Moja imeandikwa Nakuru, nyingine Naivasha. Waamuzi wa shauri hilo walikuwa wazee watatu wa kamati yetu, ambao hawakuitazama barabara kabisa, bali waliutazama mlima. Ukingo wa Menengai, kwa mtu aliyeuona kila asubuhi tangu utoto, ni kama uso wa jirani. Katika picha ile hakuna Menengai. Basi ni Naivasha au kwingine.

Majina ya mahali nayo yataka mkalimani. Kijana akisoma Port Florence hajui kuwa ni Kisumu, mji ulioitwa kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli. Akisoma Thomson's Falls hajui kuwa ni Nyahururu, wala kwamba Thomson huyo alikuwa msafiri aliyepita huko mwaka 1883. Ziwa Hannington ni Bogoria. Lilipewa jina la askofu aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Wenyeji wa Baringo walikuwa na jina la ziwa lao kabla askofu huyo hajazaliwa, lakini aliyeandika maneno chini ya kadi hakuwauliza.

Na hilo latupeleka kwenye jambo lenyewe lililotufanya tusimame mbele yenu.

Katika kadi zile arobaini na moja za Nakuru wamo watu. Wamo wapagazi wa stesheni, wenye mikokoteni, akina mama wanaouza mboga, mtumishi aliyeshika farasi wa mtu mwingine, watoto waliokuja kushangaa sanduku la mpiga picha. Pale alipo Mzungu mwenye shamba, mara nyingi jina lake limechapwa, au jina la shamba lake. Pale alipo mtu wetu, imeandikwa «mwenyeji», au kabila, au «boi». Hakuna hata mmoja mwenye jina. Tumezipitia mara tatu.

Wazee wetu watakumbuka kipande. Ile sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika achukue karatasi yake ndani ya kikopo cha chuma. Kipande kiliandika jina la mtu, alama za vidole vyake na bwana aliyemwajiri, lakini hakikuwa na sura yake. Kadi ya posta ikachukua sura bila jina. Serikali ikaweka nusu ya mtu katika kabati la ofisi, na duka likauza nusu ya pili kwa watalii. Nusu hizo mbili hazikupata kukutana, na mahali pekee zilipobaki pamoja ni katika vichwa vya wazee waliopo katika ukumbi huu, ambao kila mwaka hupungua. Tazameni orodha ya marehemu katika ukurasa wa nne wa taarifa hii.

Tulijaribu. Tulimpelekea mama mmoja mzee wa Bondeni kadi ya soko, bila kumwambia lolote. Aliitazama muda mrefu, akaomba miwani, kisha akataja jina la mwanamke aliyeketi wa pili kutoka kushoto, akataja mumewe aliyekuwa mtu wa reli, na watoto wawili, na kijiji walichotoka. Akasema, «Huyu ndiye aliyenipa mbegu za sukuma.» Tumeyaandika yote katika daftari. Wajukuu wa mwanamke yule wapo, nao hawakuwa na picha yake hata moja. Jina hatulitaji hapa kwa sababu wao wenyewe bado wanashauriana.

Twajua kuna wenye moyo mzito juu ya kadi hizi, na twawaheshimu. Mjumbe mmoja alisema katika halmashauri kwamba picha hizi zilipigwa na watu waliotudharau, zikauzwa ili wengine wapate kucheka. Ni kweli kwa baadhi yake. Zimo kadi tisa za wasichana walioamriwa kusimama nusu uchi, na uso wa kila mmoja waonyesha kwamba hakupenda. Shauri letu ni kwamba hizo zisitundikwe ukutani, zisipigwe nakala, wala zisionyeshwe vijana kama mchezo. Zifungwe katika bahasha yake, na kama jamaa wa msichana akijulikana, jamaa ndiyo iamue. Lakini hatukubali zichomwe. Kuchoma ni kumwondoa msichana yule duniani mara ya pili.

Pia kuna hofu iliyotajwa kwa sauti ya chini, kwamba mtu ataichukua picha ya zamani akadai kwayo kuwa ardhi fulani ilikuwa ya kabila fulani. Tumeishi Nakuru, na hatuna haja ya kuambiwa moto wa maneno hayo huishia wapi. Twasema wazi: kadi huonyesha kwamba mtu alisimama mahali siku moja. Haionyeshi alifikaje, wala nani aliondolewa kabla yake. Wamasai walihamishwa kutoka sehemu hizi kwa mapatano ya mwaka 1904. Mwaka 1903 Lord Delamere alikuwa amepewa ekari 100,000 huko Njoro. Na watu wa kila upande wakaja kulima mashamba ya wengine wakiwa maskwota. Kadi za ngano ya Njoro zipo, nzuri sana, masuke hadi upeo wa macho. Nyumba za waliovuna hazimo katika kadi yoyote tuliyoiona.

Hilo nalo mlikumbuke: yasiyomo ni mengi kuliko yaliyomo. Stesheni imo mara nane. Hoteli za Wazungu zimo. Bondeni haimo hata mara moja, wala nyumba za wafanyakazi wa reli. Hakuna mgeni aliyetaka kumtumia mama yake huko Ulaya picha ya chumba kimoja chenye watu saba. Kwa hiyo twaomba mwenye picha yoyote ya nyumbani, ya ubatizo, ya arusi, ya timu ya mpira, hata kama imeliwa na mende nusu, ailete ipigwe nakala na kurudishwa siku ileile. Picha hizo ndizo zitakazojaza pengo ambalo kadi za dukani haziwezi kulijaza.

Juu ya fedha tutasema kwa ufupi. Halmashauri haikuombwa hata senti ya mfuko wa mazishi, wala haitaombwa. Bahasha za karatasi safi, daftari mbili na kalamu za risasi zimenunuliwa kwa mchango wa wanakamati. Kalamu ya wino haiguswi karibu na kadi, gundi ni marufuku, na ule mkanda wa plastiki wa kubandikia ni adui mkubwa kuliko mchwa, maana huacha doa la manjano lisilotoka. Kasha lawekwa mbali na jua na juu ya sakafu. Vijana wawili wamezipiga kadi zote nakala kwa simu zao, mbele na nyuma. Hayo ndiyo matumizi yote.

Je, kasha liuzwe? Twatoa mfano mmoja. Joseph Murumbi alizaliwa Eldama Ravine, katika Bonde hili letu, mwaka 1911, baba yake Mgoa na mama yake Mmasai. Alifika kuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, akakaa katika cheo hicho miezi michache tu. Lakini alikusanya maisha yake yote: vitabu vya kale kwa maelfu, stempu, vitambaa, vinyago. Maelfu ya vitabu vyake leo yamo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Nairobi, ambako mtoto wa Kenya aweza kuingia akavitazama. Sasa tazameni upande wa pili. Mwingereza Humphrey Winterton alikusanya picha za Afrika Mashariki za tangu mwaka 1860 hadi 1960, zaidi ya 7,000, na mwaka 2002 zikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani. Zimetunzwa vizuri kuliko tuwezavyo sisi, na hatuna neno baya la kusema juu yao. Ila mama yule wa Bondeni hawezi kupanda ndege kwenda kuwaambia kwamba wa pili kutoka kushoto ni nani.

Kamati kwa kauli moja yashauri kwamba kasha lisiuzwe, na kwamba mfanyabiashara aandikiwe barua ya shukrani. Akitaka nakala za mandhari zisizo na watu, twaweza kumpa kwa malipo, na malipo hayo yaingie mfuko wa wajane. Uamuzi ni wa mkutano huu.

Mkikubali, basi kuanzia mwezi ujao, kila Jumamosi ya kwanza, tangu saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, kadi zitawekwa mezani ofisini, tano tano, na kijana mwenye daftari atakuwapo. Mzee asiyeweza kutembea apeleke habari, tutamfuata nyumbani na kadi zetu. Yeyote atakayetambua uso, nyumba, mti au hata ng'ombe, aseme kwa lugha aliyoizoea. Tutatafuta wa kutafsiri. Watu wawili wakihitilafiana, yataandikwa maneno ya wote wawili. Kadi tano za kwanza ni hizi: wapagazi watatu wa stesheni, mmoja amevaa kofia ya mkia, mwenye mkokoteni mbele ya duka lenye baraza, wanawake wanne kisimani, askari aliyekaa juu ya sanduku, na mtoto wa kiume aliyeshika mbuzi mweupe, nyuma yake Menengai.